Kwanini Unguja kulikuwa na chui na kuna kima punju lakini Pemba hakuna?

Baba_Wawili

Asalaam aleykum wanajukwaa. Nimeileta huku kwenye sayansi kwa makusudi maana kule kwenye mchanganyiko najua nitajibiwa uchawi tu.

Mimi mtu wa Unguja, Makunduchi, kazi imenileta Wete, Pemba, huu mwaka wa tatu. Juzi mwanangu wa darasa la tano karudi skuli na kazi ya kuandika wanyama wa Zanzibar, nikamtajia wale ninaowajua mie tangu udogoni, chui, kima punju, paa nunga, njule (yule mwenye pua kama kimkonga, anakimbia kwenye majani makavu utadhani anadaiwa), mtoto kaandika wote kaenda kusoma mbele ya darasa, mwalimu ni mtu wa hapa hapa, akamwambia umeandika vizuri lakini hao wote ni wa Unguja, sisi hatuna hata mmoja. Mtoto karudi ananiuliza kwa nini, nikabaki namtizama.

Na kweli nikifikiri, miaka mitatu sijaskia mzee wa hapa akihadithia mbuzi wake kaliwa na chui. Kwetu Makunduchi kila nyumba ina kisa cha chui. Na wao wana vitu ambavyo mie kwetu sijapata kuviona, yale mapopo makubwa ya Kidike, rangi ya kutu, sura kama ya mbwa, yakifungua mabawa karibu yanapita urefu wa mtu mzima kunyoosha mikono.

Sasa swali langu. Bahari moja, mvua inakaribiana, mikarafuu ile ile, na nikitizama ramani Pemba haiko mbali na bara kihivyo ukilinganisha na Unguja, ni tofauti ya kilomita kumi na kitu tu. Nini kimewatenga wanyama wa visiwa viwili ndugu namna hii? Na ndege je, wao si wana mabawa?

chizi_karafuu

Chui wa Pemba wapo sana tu mkuu, ila mchana wanavaa kanzu 😂😂

Baba_Wawili

Nilijua tu. Haya wengine tafadhali.

Nahodha_Mstaafu

Kijana mi si msomi ila nitakwambia kitu nilichokiona kwa mkono wangu. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi, nimekua naye baharini. Mkondo wa Unguja, huu ulio baina ya Unguja na Bagamoyo, ukiteremsha chubwi, lile zito la mwisho wa mshipi, linagonga chini, pima ishirini, sehemu nyingine hazifiki, unaskia kabisa mshipi unalegea mkononi. Nanga inashika. Sasa nenda mkondo wa Pemba, huo wa upande wa Tanga na Shimoni, toka nje kidogo tu ya miamba halafu teremsha. Unateremsha, unateremsha, mshipi unakwisha kwenye kigogo chubwi bado linaning'inia. Baba alikuwa akituambia hapa hapana chini. Ndo maana nduwaro na jodari wakubwa wanapita pale, wale ni samaki wa maji makuu.

Kwaio we unatizama ramani kwa juu, upana. Tizama kwa chini. Wenye elimu watakueleza zaidi lakini nadhani jibu lako liko kwenye chubwi.

TichaBaio

Mzee Nahodha kamaliza kazi, mi natia nyama tu. Nafundisha baiolojia sekondari na hii mada ya kutengana kwa viumbe kijiografia huwa naifundisha kwa mfano wa visiwa vya Galapagos kama kitabu kinavyotaka, halafu wanafunzi wanasinzia, kumbe mfano uko hapa nyumbani.

Iko hivi. Miaka kama elfu ishirini nyuma dunia ilikuwa na baridi kali, maji mengi yaliganda kuwa barafu huko kaskazini, na usawa wa bahari ulishuka takriban mita 120 chini ya hapa ulipo leo. Sasa chukua hesabu ya mzee. Pima ishirini ni kama mita 36 au 37. Toa mita 120 kwenye mkondo wa mita arobaini hivi, kinabaki nini? Nchi kavu. Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa kilima pembeni mwa bara, chui alikuwa anatembea kwa miguu toka Bagamoyo hadi msitu wa Jozani bila kulowana ukucha. Baadae barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, na kama miaka elfu kumi hivi iliyopita maji yakafunga njia, waliokuwemo wakabaki humo.

Mkondo wa Pemba una kina kinachofika mita 800 hivi. Toa 120, bado una bahari ya mita mia sita na zaidi. Yani hata bahari iliposhuka vile, Pemba ilibaki kisiwa, na imekuwa kisiwa kwa muda mrefu sana, tunaongelea mamilioni ya miaka. Chui hakuwahi kupata njia. Punju hakupata. Njule ndo kabisa.

Na we mtu wa Makunduchi ushahidi uko jirani yako kabisa. Pale Jambiani kuna pango la Kuumbi, wataalamu wa mambo ya kale walichimba mle wakakuta mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia Unguja! Hao hawakuja na boti. Walitembea, na baadae kisiwa kikawa kidogo, mbuga zikaisha, watu wakawinda, wakatoweka. Waliobaki ni wale wanaomudu kuishi msitu na vichaka.

Baba_Wawili

Subhanallah. Punda milia Jambiani. Nimezaliwa hatua mbili toka hapo na sijawahi kuambiwa hii kitu skuli.

Lakini ticha sasa umenifungulia maswali. Moja, Pemba mbona tumbili wapo? Nawaona na macho yangu wakiiba ndizi. Mbili, nimeskia msitu wa Ngezi hapa Pemba kuna punju, mwenyeji mmoja kaniapia. Tatu, lile la ndege na mapopo hujajibu.

mtu_wa_misitu

Naomba niingie kwenye hayo mawili ya mwanzo maana nimewahi kufanya kazi za msitu visiwani.

Punju wa Ngezi ni kweli lakini hawakuzaliwa wa huko. Miaka ya 1970 walichukuliwa punju 14 toka Unguja wakaachiliwa Ngezi, wakabaki kikundi kidogo tu. Kwahiyo mwalimu wa mtoto wako yuko sahihi na huyo mwenyeji nae yuko sahihi. Tumbili ni hivyo hivyo uwe na mashaka nao, visiwa hivi watu wamesafiri na majahazi miaka elfu na zaidi, mnyama anayefugika au anayeibia chakula kwenye jahazi kumkuta kisiwani si ushahidi kuwa alifika mwenyewe. Mnyama wa kuangalia ni yule ambae hakuna mtu mwenye akili timamu angemtia kwenye chombo. Nani atapanda na chui jahazini?

Alafu nirekebishe kidogo alichosema ticha, au tuseme nikiongezee, kwasababu watu wengi wanakosea hapa wakimwongelea punju. Wanasema bahari ilipofunga njia miaka elfu kumi iliyopita ndo punju akaanza kubadilika akawa spishi yake. Hapana. Miaka elfu kumi kwa nyani na kima ni kidogo mno. Vipimo vya DNA vinaonyesha punju alishaachana na ndugu zake wa bara, wale mbega wekundu wa Udzungwa, laki kadhaa za miaka kabla ya mkondo kujaa maji. Maana yake alishakuwa tofauti akiwa bado bara, misitu ilipokuwa inakatika vipande vipande wakati wa ukame. Baadae wale wa pwani ya bara wakaisha, wa Unguja wakapona kwa kuwa wamezingirwa na maji. Mkondo haukumzaa punju, ulimficha tu.

Hii inanifurahisha kila nikiifikiria. Maana sisi tulikua tukiambiwa punju ana sumu, mti akiula unakauka, mbwa akimla ananyonyoka manyoya, hata jina lenyewe linatokana na sumu. Kumbe ndo kitu pekee cha aina yake duniani kilichobaki. Na ukienda Jozani utamkuta barabarani bila wasiwasi, rasta nyeupe zimesimama kichwani, pua nyekundu, anatafuna majani machanga ya mti wa mkungu halafu anashuka kwenye tanuri la mkaa la mtu anaokota kipande cha mkaa anakila kama biskuti. Wataalamu wanasema mkaa unamsaidia kutoa makali ya sumu kwenye yale majani ya mkungu na muembe. Watoto wanajifunza kwa mama zao.

chizi_karafuu

Kima anakula mkaa. Gesi imepanda bei hadi msituni

TichaBaio

Asante mtu wa misitu, nimejifunza na nitarekebisha noti zangu, kweli nilikuwa nafundisha hivyo hivyo ulivyosema watu wanakosea.

Sasa mapopo. Baba Wawili hapa ndo patamu. Yule popo wa Pemba yuko kwenye jamii ya mapopo matunda makubwa ambayo wenzake wote wako upande wa Asia, Australia na visiwa, India, Malaysia, Indonesia, hadi visiwa vya Pasifiki, na upande wetu wako Madagaska, Komoro, Shelisheli, Morisi. Wa Komoro wanafika hadi Mafia, pale Chole. Lakini Afrika bara HAKUNA hata mmoja. Yani popo huyu babu zake walikuja kwa kuruka kisiwa hadi kisiwa toka mashariki, wakafika Pemba, wakaiona bara ile pale, na hawakuweka makazi. Kwanini hawakuvuka hakuna anaeweza kukwambia kwa uhakika, labda bara kulikuwa tayari na mapopo wengine wanaokula matunda yale yale na nafasi imejaa.

Kwahiyo kisiwa kimoja kimepata wanyama kwa miguu toka magharibi, kingine kimepata kwa mabawa toka mashariki. Visiwa ndugu lakini mama mbalimbali.

Na ndege, Pemba ina ndege wanne ambao huwapati popote pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mmoja mdogo anaelia usiku, na kale kandege ka manjano kenye duara jeupe machoni. Unguja yenye misitu na umaarufu wote haina hata mmoja wa peke yake kwa kiwango hicho. Sababu ni ile ile, muda. Unguja bado mbichi, Pemba imekaa peke yake zamani.

Baba_Wawili

Hapo kwenye ndege bado sijaridhika ticha, usinichoke. Ninga anaruka. Kilomita hamsini kwa njiwa ni nini? Si angeenda Tanga asubuhi akarudi jioni?

Mdawida254

Wacha nijibu hiyo maana huku kwetu Taita ndio tunaiona live. Vilima vya Taita vimetoka tu kwenye uwanda wa Tsavo, juu baridi na msitu, chini joto na miiba. Kuna kandege kanaitwa Taita apalis, kadogo, hakapatikani mahali pengine popote duniani, na kuna kurumbiza wetu wa msituni pia ni wa hapa tu, anaishi Mbololo na Ngangao na Chawia. Ukisimama Ngangao unaona Mbololo kwa macho, ni bonde tu liko katikati. Ndege ako na mabawa lakini havuki, au anavuka mara moja moja sana. Ndege wa msitu mnene amezoea kivuli, ukimtoa nje kwa jua na mwewe anaogopa kama mtu wa kijijini kuvuka Thika Road. Mabawa sio tiketi boss.

Shida ni kwamba hiyo misitu imekatwa hadi imebaki vipande vidogo, vingine ni kama uwanja wa mpira kadhaa. Kutengana kwa zamani kulileta ndege mpya, huku kwa sasa kunawamaliza, kwa sababu kikundi ni kidogo wanazaana ndugu kwa ndugu.

Mshambaa_Halisi

Umenigusa Mdawida, sisi ni mlolongo mmoja wa milima, Taita, Upare, Usambara, Nguru, Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, wanaita Tao la Mashariki. Kila mlima ni kisiwa na bahari yake ni joto.

Mi nimezaliwa Lushoto. Ukishuka na basi kwenda Mombo unaanza na sweta, ukifika kona za chini unavua, ukifika Mombo unatafuta maji ya kunywa. Sasa fikiria wewe ni kinyonga wa msituni, mwili wako umezoea ukungu, utapita wapi? Kati ya Usambara yetu ya magharibi na ile ya mashariki ya Amani kuna bonde la Lwengera, si pana, ukiwa na pikipiki unalikata fasta. Lakini kinyonga wa pembe mbili wa kwetu na wa Amani ni spishi mbili tofauti. Zamani wote hao wa Usambara, Nguru, na Taita walikuwa wanaitwa jina moja, mpaka 2008 ndo wakatenganishwa kila mmoja na mlima wake. Wa kwetu jina lake la kisayansi lina maana ya mwenye vinundu vingi, kwasababu ya vile vichunusi vya uti wa mgongo. Na jamii yenyewe kubwa ya vinyonga hao imepewa jina Kinyongia, yani wazungu wamechukua Kiswahili chetu wakakiweka kwenye Kilatini.

Utotoni tulikuwa tunampiga mawe. Bibi alikuwa hataki hata kumwona anasema analeta nuksi. Siku moja nimemshika dume ananing'ang'ania kidole na ile miguu yake kama koleo, ya baridi, pembe mbili bapa zimetoka mbele ya pua, macho moja linanitazama mimi lingine linatafuta njia ya kutoroka. Sijawahi kumpiga tena.

Mwana_Ziwa

Kigoma hapa. Nyie mnaongelea bahari na milima, sisi hata ndani ya maji yale yale viumbe vinatengana. Kuna samaki wa mawe kwenye Ziwa Tanganyika, wale wanaosafirishwa nje kama samaki wa mapambo, wanaitwa Trofeusi, wanakula mwani juu ya mawe na hawatoki kwenye mawe. Ukipata mita mia kadhaa za mchanga katikati basi upande huu samaki ni mweusi mwenye mkanda wa njano, upande ule mwekundu, kuna rangi zaidi ya mia kwa ziwa zima. Wapiga mbizi wa biashara hiyo wanakwambia samaki katoka kijiji gani kwa kumtazama rangi tu. Maji hayamzuii, mchanga ndo unamzuia, akitoka hapo hana pa kujificha analiwa.

Ila na mimi nina swali. Hapo Gombe kuna kima wa aina mbili, kima wa mkia mwekundu na kima wa buluu, wanapandana na watoto wanazaa pia. Sasa si tulifundishwa spishi mbili haziwezi kuzaa watoto wanaozaa?

TichaBaio

Swali zuri na linatutesa walimu. Ile tafsiri ya kitabuni ni ya kurahisisha, inafanya kazi kwa punda na farasi maana baghala karibu siku zote hazai, lakini porini mambo yana ukungu. Kutengana ni safari, sio mlango. Wengine wako mwanzo wa safari, kama hao samaki wako wa rangi, bado tunawahesabu wengi wao spishi chache tu. Wengine wako katikati, kama hao kima wa Gombe. Wengine wamefika mbali, kama sokwe wa kaskazini mwa Mto Kongo na bonobo wa kusini yake, mto mmoja tu lakini hawaogelei, zaidi ya miaka milioni moja wametengana na sasa hata tabia zao ni mbingu na ardhi. Ukiuliza tarehe gani hasa waliacha kuwa kitu kimoja ni sawa na kuuliza mtoto aliacha lini kuwa mtoto.

Baba_Wawili

Sasa nacheka peke yangu hapa dukani. La mwisho, nalo limetoka kwa mtoto si mimi. Kauliza, je sisi watu wa Unguja na Pemba mbona hatujawa spishi mbili?

chizi_karafuu

Nani kakwambia hatujawa

mtu_wa_misitu

😂 Mjibu mtoto hivi: sababu ni jahazi. Kutengana kunataka vitu viwili, muda mrefu na njia kufungwa. Watu wamekuja visiwani juzi tu kwa hesabu ya dunia, na njia haijawahi kufungwa hata msimu mmoja, kaskazi wanaenda, kusi wanarudi, Mombasa, Lamu, Komoro, Maskati, Wapemba wako Tanga wamejaa, na we mwenyewe Mmakunduchi uko Wete. Kila anaeoa ng'ambo anaziba mkondo.

Baba_Wawili

Hahaha mke wangu ni wa hapa hapa Wete, kumbe nimeziba mkondo wa mita 800 peke yangu.

Shukran sana wadau, na mzee Nahodha Mungu amrehemu baba. Nimemwambia mwanangu aanze kazi yake upya, aandike kwanza kina cha bahari ndo aje kwenye wanyama. Jumamosi inshaallah nampeleka Kidike akawaone hao wageni wa Asia, nitaweka picha.

Nahodha_Mstaafu

Amin. Chukueni kofia pana. Wakiruka kwa pamoja wanakojoa.